Nywele Zikinyonyoka: Je, Dawa za Mimea Zinaweza Kuziotesha?

Somo la afya kwa kaya zote, vikundi vya akina mama, walimu na wahudumu wa afya wa jamii

Ukipita sokoni utaona chupa ndogo ndogo za mafuta ya nywele zimepangwa mezani: mafuta ya nyonyo, ya habasoda, ya rozimari, ya mlonge, na nyingine ambazo hazina hata jina. Muuzaji atakuambia kwamba yanaotesha nywele kwa wiki mbili. Nyumbani nako kuna wanaosaga kitunguu, wanaokamua shubiri (alovera) na wanaoloweka uwatu usiku kucha ili wapake asubuhi.

Nywele si jambo la kuchekwa. Mtu aliyeacha nyumba, shamba na ndugu zake, akiona na kichwa chake kinabaki wazi, anaumia. Wengine wanafunga kitambaa hata wakilala, na wengine wanaogopa kwenda kanisani, msikitini au kwenye foleni ya mgao kwa sababu ya maneno ya watu. Ndiyo maana tumeona vema tulizungumzie jambo hili waziwazi.

Baada ya somo hili utaweza:
1. Kueleza jinsi unywele unavyoota na sababu za kuanguka kwake.
2. Kutambua dalili zinazotaka uende kituo cha afya bila kuchelewa.
3. Kujua ni mimea ipi iliyopimwa na wataalamu, na walipata nini.
4. Kujikinga na dawa zinazochoma, zinazotia sumu au zinazokumalizia fedha bure.

Katika yote haya, shika neno moja: kabla ya kuuliza "nipake nini?", uliza kwanza "kwa nini zinaanguka?"

UNYWELE HUOTAJE?

Kila unywele hutoka katika kifuko kidogo kilicho ndani ya ngozi. Huko chini ndiko kwenye uhai, na ndiko unywele unakotengenezwa. Sehemu unayoiona juu haina uhai, ndiyo maana ukikatwa nywele husikii maumivu. Kwa hiyo mafuta yanayopakwa juu ya unywele yanaweza kuulainisha na kuuzuia usikatike, lakini hayawezi kuulisha. Kinachoweza kubadilisha uotaji ni kile tu kinachofika kwenye kifuko, ama kwa kupita kwenye ngozi, ama kwa njia ya damu.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000. Kwa wastani unywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Kila unywele hupitia vipindi vitatu:

- Kipindi cha kuota, ambacho huchukua miaka 2 hadi 6.
- Kipindi kifupi cha kuacha kuota, wiki 2 hadi 3.
- Kipindi cha kupumzika, miezi kama 3. Mwishoni mwake unywele huanguka na mwingine huanza kuota mahali pake.

Kichwa ni kama shamba ambalo mimea yake haikupandwa siku moja. Mingine inakua, mingine imekomaa, mingine inang'oka. Kwa hiyo kuona nywele 50 hadi 100 zikianguka kwa siku ni kawaida na si ugonjwa.

Lakini mwili ukipata mshtuko mkubwa, nywele nyingi huingia katika kupumzika kwa pamoja. Mshtuko huo unaweza kuwa homa kali ya malaria au taifodi, kujifungua, operesheni, njaa, au huzuni na hofu kubwa kama ile ya kukimbia vita. Nywele hazianguki siku hiyo. Zinaanguka miezi 2 hadi 3 baadaye, wakati mtu amekwisha sahau homa yake, naye anashangaa kwamba nywele zinatoka kichana kwa kichana bila sababu.

Sasa tuchukue mfano. Mama amejifungua mwezi wa Januari. Mwezi wa Aprili nywele zinaanza kuanguka kwa wingi. Mwezi wa Mei anauza sehemu ya unga wa mgao ili anunue chupa ya mafuta. Mwezi wa Agosti anaona nywele fupi fupi zinachomoza kwenye paji la uso. Anafurahi na kuwaambia majirani kwamba mafuta yale ni dawa kweli. Je, ni mafuta yaliyoziotesha? Hapana. Nywele zinazoanguka baada ya kujifungua kwa kawaida hurudi zenyewe katika miezi michache, hata kama hukupaka kitu. Mama huyo hakusema uongo, maana alieleza alichokiona. Lakini dawa ilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili.

Hiyo ndiyo sababu kila muuzaji ana mashahidi. Usimdharau shahidi, lakini muulize: nywele zako zilianza kuanguka lini, na kabla ya hapo ulikuwa umeugua nini?

SABABU KUBWA ZA NYWELE KUNYONYOKA

1. Mshtuko wa mwili, kama tulivyoeleza. Nywele hupungua kichwa kizima. Ngozi ni safi, haiwashi. Hurudi zenyewe sababu ikiisha.

2. Kusuka kwa kuvuta sana. Nywele huondoka pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Ukiacha kuvuta mapema zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, vifuko hufa na kovu hubaki.

3. Mapunye. Huu ni ugonjwa wa kuvu unaowapata zaidi watoto. Huonekana kama duara lenye magamba, linawasha, na nywele hukatika karibu na ngozi. Huambukizwa kwa kuchangia vichana, wembe, kofia na vitambaa vya kichwa.

4. Upungufu wa chakula. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, nywele huwa nyembamba, hubadilika rangi kuwa za kahawia au nyekundu, na hung'oka kirahisi bila maumivu.

5. Upungufu wa damu, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi nzito au waliozaa mfululizo.

6. Mabaka laini yasiyo na nywele. Ngozi ni nyororo, haina magamba wala vidonda. Hapa kinga ya mwili yenyewe imeshambulia vifuko. Kwa watu wengi wenye mabaka machache, nywele hurudi zenyewe, ingawa huenda zikaanguka tena.

7. Upara wa urithi. Kwa wanaume huanzia kwenye paji la uso na utosini. Kwa wanawake nywele hupungua katikati ya kichwa. Huja polepole kwa miaka mingi.

8. Magonjwa mengine, kama ya tezi ya shingo, au kaswende ambayo haikutibiwa. Kaswende inaweza kuondoa nywele kwa madoa madoa kana kwamba zimeliwa na nondo. Baadhi ya dawa pia huangusha nywele.

Neno kuhusu UKIMWI: kuna watu wakimwona mwenzao nywele zimekuwa chache husema "ana virusi." Hiyo si haki, wala si kweli. Sababu ni nyingi kama ulivyosoma. Kipimo ndicho pekee kinachoweza kujibu swali hilo, na majibu yake ni siri ya aliyepimwa.

USIPAKE KITU, NENDA KITUO CHA AFYA

Kuna hali ambazo kila siku ya kujaribu mafuta ni siku iliyopotea. Nenda, au mpeleke mtoto, ikiwa:

- Nywele za mtoto zimebadilika rangi au zinang'oka ukizigusa. Bonyeza nyayo zake zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, ukihesabu hadi tatu. Ukiona shimo limebaki pande zote mbili, mtoto amevimba kwa utapiamlo. Mpeleke siku hiyo hiyo. Pia mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake unaangukia kwenye rangi nyekundu ya utepe, yaani chini ya sentimita 11.5, anahitaji matibabu ya lishe. Nywele zake hazihitaji dawa ya majani. Mwili wake unahitaji chakula cha tiba, na ukichelewa anaweza kufa.
- Mtoto ana magamba au duara kichwani. Akiwa na uvimbe laini unaotoa usaha, haraka zaidi, kwa sababu uvimbe huo huacha kovu ambalo haliotei nywele tena.
- Nywele zinaondoka na ngozi inauma, inatoa majimaji au inaacha kovu.
- Kuna vipele kwenye viganja na nyayo, au uliwahi kupata kidonda sehemu za siri. Kaswende ina kipimo, na inatibiwa kwa penisilini. Mjamzito akitibiwa, anamwokoa na mtoto aliye tumboni.
- Unachoka sana, moyo unakwenda mbio, na ndani ya kope zako ni peupe. Hizo ni dalili za upungufu wa damu.

Tuseme kidogo zaidi juu ya mapunye, maana ndiyo yanayotibiwa vibaya kuliko yote. Kuvu wake hukaa ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo mafuta na krimu ya kupaka haifiki. Kwa hiyo mtoto hupewa dawa ya kumeza. Inayotumika sana ni griseofulvini, kila siku kwa wiki 6 hadi 8, na wakati mwingine zaidi, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Huingia mwilini vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Wazazi wengi huacha wiki ya pili wakiona magamba yamepungua, na ugonjwa hurudi. Mjamzito hapaswi kuimeza. Mtoto aliyekwisha kuanza dawa anaweza kuendelea na shule, asitengwe. Kila mtu nyumbani awe na kichana chake.

MIMEA ILIYOPIMWA NA WATAALAMU

Je, tunasema kwamba mimea haina nguvu? Hapana. Ninyi mnaotoka Kivu mnayajua mashamba ya mti wa kwinini, ambao gome lake linatoa dawa ya malaria. Dawa za mseto za malaria tunazomeza leo nazo zina asili ya mmea uitwao artemisia. Lakini miti hiyo haikuwa dawa ya hospitali kwa sababu ya sifa za watu. Ilikuwa dawa kwa sababu kiini chake kilitolewa, kikapimwa, na kikalinganishwa. Swali ni kama mimea ya nywele imefika hapo.

Ili kujua kama dawa inafanya kazi, wataalamu huwagawa wagonjwa katika makundi mawili. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kitu kisicho na dawa au dawa inayojulikana. Kisha huhesabu. Hivyo nywele zinazorudi zenyewe haziwezi kuwadanganya, kwa sababu zitaonekana katika makundi yote mawili. Haya ndiyo waliyoyapata:

Maji ya kitunguu. Mwaka 2002 madaktari wa Iraki walichapisha matokeo ya wagonjwa 38 wenye mabaka laini. Wagonjwa 23 walipaka maji ya kitunguu kibichi mara mbili kwa siku, na 15 walipaka maji ya bomba. Baada ya wiki 6, nywele ziliota kwa 20 kati ya wale 23. Kwa waliopaka maji, ni 2 tu kati ya 15. Ni dalili njema. Lakini watu walikuwa wachache, na kwa sababu ya harufu kila mmoja alijua anapaka nini. Tena ilihusu mabaka peke yake. Haisemi lolote juu ya mapunye, upara wa urithi au nywele zilizoanguka baada ya kujifungua.

Mafuta ya rozimari pamoja na mengine. Mwaka 1998 huko Aberdeen, Scotland, wagonjwa 86 wenye mabaka waligawanywa. Kundi moja lilisugua kichwani kila siku kwa miezi 7 matone ya mafuta ya rozimari, taimu, lavenda na mseda yaliyochanganywa katika mafuta mengine mepesi. Kundi la pili lilisugua yale mafuta mepesi tu. Waliopata nafuu ni 19 kati ya 43 katika kundi la kwanza, na 6 kati ya 41 katika kundi la pili. Zingatia kwamba zaidi ya nusu ya waliopaka dawa hawakupata nafuu.

Rozimari kwa upara wa urithi. Mwaka 2015 huko Irani, watu 100 waligawanywa: nusu walipaka rozimari, nusu walipaka minoksidili ya asilimia 2, ambayo ni dawa ya nywele ya dukani. Baada ya miezi 3 hapakuwa na tofauti ya kuonekana kwa yeyote. Baada ya miezi 6 hesabu ya nywele iliongezeka katika makundi yote mawili, kwa kiasi kinachokaribiana. Lakini hapakuwa na kundi la tatu ambalo halikupewa dawa, kwa hiyo somo hili bado linahitaji kurudiwa.

Mafuta ya mbegu za maboga. Mwaka 2014 huko Korea ya Kusini, wanaume 76 wenye upara wa urithi walimeza vidonge vyenye miligramu 400 za mafuta hayo kwa siku, au vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 24, hesabu ya nywele iliongezeka kwa asilimia 40 katika kundi la kwanza na asilimia 10 katika la pili. Lakini vidonge hivyo vilikuwa na mimea mingine pia, kwa hiyo haijulikani ni kipi kilichofanya kazi.

Na mafuta ya nyonyo, yanayosifiwa kuliko yote? Hakuna jaribio zuri kwa watu lililoonyesha kwamba yanaotesha nywele. Yanang'arisha na kufanya unywele uonekane mnene. Mimea mingi inayotajwa kwenye vibandiko vya chupa imejaribiwa kwa panya tu. Ngozi ya panya si kichwa cha mtu.

Mafuta ya nazi yanastahili neno lake. Utafiti wa wataalamu wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba yanapunguza kiasi cha protini kinachotoka kwenye unywele wakati wa kuosha, kuliko mafuta ya alizeti. Maana yake yanaulinda unywele uliokwisha kuota usikatike ovyo. Hayaoteshi mpya.

Kwa hiyo tunajifunza mambo matatu. Kwanza, mimea michache imeonyesha dalili ya kusaidia baadhi ya watu, kwa aina fulani ya kunyonyoka. Pili, hata pale iliposaidia, ilichukua wiki nyingi au miezi, hivyo anayekuahidi siku 14 anakudanganya. Tatu, mahali palipo na kovu, vifuko vimekufa, na hakuna jani wala mafuta yatakayovifufua.

MAMBO YANAYODHURU

Watu husema, "Ni majani tu, hayana madhara." Neno hilo limewaumiza wengi. Angalia:

- Kitunguu saumu kibichi kikifungwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa huunguza kama moto.
- Utomvu wa mnyaa, ule mmea wa uzio wenye maziwa meupe, huchubua ngozi. Ukiingia machoni unaweza kupofusha. Ukikuingia, osha kwa maji mengi safi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha nenda kituoni.
- Mbegu za nyonyo zina sumu kali sana. Kiwandani sumu hiyo huondolewa. Usitwange mbegu mwenyewe nyumbani, na usiziache mahali watoto wanapocheza, kwa sababu wakizitafuna zinaweza kuwaua.
- Mafuta ya mwarobaini hayanywewi. Mtoto akiyameza anaweza kupata degedege na kupoteza fahamu.
- Kafuri, menthol na mafuta ya mkaratusi yasipakwe kwa mtoto mchanga. Yanaweza kumzuia kupumua.
- "Hina nyeusi" mara nyingi si hina tupu. Huchanganywa na rangi ya kemikali inayovimbisha uso na kuunguza ngozi.
- Mafuta ya taa, petroli na maji ya betri si dawa ya mapunye wala ya chawa. Yanaunguza, yanatia sumu, na karibu na jiko yanaweza kumwasha mtoto moto.

Kuna na madhara ya mfukoni. Ukiuza maharage na mafuta ya mgao ili ununue chupa ya kuotesha nywele, unauza kile kile ambacho nywele zinakihitaji. Nywele hutengenezwa kwa protini, na protini inapatikana katika maharage, njegere, karanga, mayai na ndagala.

UKITAKA KUTUMIA MMEA, FANYA HIVI

1. Pata kwanza jibu la sababu. Kama ni mapunye, utapiamlo, upungufu wa damu au kaswende, tibu hilo.
2. Chagua kitu kimoja. Ukichanganya vitano hutajua kilichosaidia wala kilichodhuru.
3. Usipake mafuta makali ya mmea, kama ya rozimari, bila kuyachanganya. Weka tone 1 au 2 katika kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au alizeti.
4. Jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko cha mkono. Ngoja siku 2. Ukiona wekundu, malengelenge au mwasho, usitumie.
5. Usipake penye kidonda, usaha au mikwaruzo ya wembe. Kinga macho.
6. Usimpake mtoto mchanga, wala mjamzito asinywe dawa yoyote ya nywele bila kumwuliza muuguzi.
7. Andika tarehe uliyoanza. Angalia tena baada ya miezi 3 na 6. Kama hakuna kitu baada ya miezi 6, acha, na fedha yako ifanye kazi nyingine.

YANAYOSAIDIA BILA GHARAMA KUBWA

- Legeza misuko. Kama kichwa kinauma baada ya kusukwa, imevutwa mno, ifumue. Wape nywele wiki kadhaa za mapumziko kati ya msuko na msuko.
- Kula mboga za majani kama sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha) pamoja na maharage au ndagala. Usinywe chai wakati wa kula, maana huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Kunywa saa moja au mbili baadaye.
- Mjamzito ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, hadi viishe.
- Osha kichwa kwa sabuni isiyo kali, na uchane taratibu kuanzia ncha kwenda kwenye mzizi.
- Kinyozi asafishe mashine kati ya mtu na mtu, na kila mtu atumie wembe wake mpya.
- Kama chanzo ni huzuni au hofu, zungumza na mshauri au mtu unayemwamini. Usingizi na amani ya moyo ni sehemu ya tiba.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Kunyoa upara huzifanya nywele zirudi nyingi?
Hapana. Wembe haufiki kwenye kifuko. Unywele uliokatwa una ncha butu, ndiyo maana huonekana mnene. Idadi ni ile ile.

Dawa ya minoksidili ni bora kuliko majani?
Imepimwa zaidi. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani iliiruhusu kupakwa kichwani kwa ajili ya upara wa urithi. Lakini ni ghali, lazima upake kila siku, na ukiacha nywele zilizoota huanguka tena. Mjamzito na anayenyonyesha wasiitumie.

Nywele zangu hazitarudi kamwe. Nifanyeje?
Mahali pa kovu, ukweli ni huo, na ni bora kuujua kuliko kununua tumaini la chupa kila mwezi. Kitambaa kizuri, kofia au kichwa kilichonyolewa vizuri havikupunguzii heshima. Nasi tulio karibu nawe tunao wajibu wa kufunga midomo yetu.

KUMBUKA

Nywele ni kama mlango wa nyumba: ukiuona umeanguka, angalia kwanza ndani kumetokea nini. Mtoto mwenye nywele nyekundu anahitaji chakula cha tiba. Mtoto mwenye magamba anahitaji dawa ya kumeza. Mama aliyejifungua anahitaji subira na lishe. Mwenye mabaka au upara anaweza kujaribu mmea uliopimwa, kwa uangalifu na kwa muda maalumu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Jirani yako anasema mafuta fulani yalimwotesha nywele baada ya kujifungua. Utamwuliza maswali gani?
2. Ni dalili zipi kichwani mwa mtoto zinazotutaka tumpeleke kituoni siku hiyo hiyo?
3. Je, hapa kwetu kuna mmea unaopakwa kichwani ambao umewahi kumdhuru mtu? Tufanye nini ili usimdhuru mwingine?
4. Tutawasaidiaje wenzetu wanaoona aibu kwa sababu ya nywele?

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome, na asiyejua kusoma msomee. Leo jioni, mtoto akiwa amekaa kwenye mwanga, mfunue kitambaa, mpekue kichwa, na umbonyeze nyayo. Ukiona dalili tulizozitaja, kesho asubuhi uwe wa kwanza kwenye foleni ya kituo cha afya. Na kama amevimba, usingoje kesho.